Lita Arobaini

Hapa Brno tunasalimiana "ahoi",
salamu ya mabaharia,
katika nchi isiyo na hata shubiri moja ya ufuo.
Nimeitamka tangu nijue kutamka,
miaka thelathini yake katika karakana ya tramu,
mikono ina grisi,
bila kujiuliza meli iko wapi.

Machi, barafu bado imeng'ang'ania madirishani,
nilipandisha tangi ghorofa ya tano.
Lifti ilikuwa imekufa tangu Jumanne.
Zito kama mtoto aliyesinzia begani.
Nikalaza pimamaji juu ya kabati:
kitone cha hewa kikakimbilia kushoto.
Nikachomeka tiketi kuukuu chini ya mguu mmoja,
nikaongeza ya pili,
kikarudi katikati, kikatulia.
Bahari haitaki mshazari.

Maji ya bomba yetu yana chokaa, muulize birika.
Nikanunua yaliyochujwa, madumu manne,
nikayapasha, nikamimina chumvi,
gramu thelathini na tano kwa kila lita,
nikakoroga kwa mwiko wa supu.
Drahomíra alinitazama tu.
Mwiko ule haujarudi jikoni.

Maji yakimwagika, wanasema, hayazoleki.
Tuliyazoa, kwa mataulo matatu na shuka.
Yaliyotuponyoka yalimfikia Bi Květa, ghorofa ya nne,
aliyepanda na picha ya dari yake:
doa lenye umbo la figo.

Kisha mawe. Kilo tano, mawe hai,
yamefungwa magazeti mabichi.
Nilipoyafungua, pua ilikumbuka kabla yangu:
Bulgaria, nina miaka tisa,
wimbi limeondoka na ndala yangu ya kulia
na baba anacheka mpaka anaketi mchangani.

Baada ya hapo, hakuna kitu.
Wiki sita za hakuna kitu.
Amonia ikapanda, ikashuka,
naitraiti ikapokea zamu.
Kila jioni nilidondoshea matone kwenye vichupa,
nikavitikisa, nikasoma rangi kama mganga asiye na mgonjwa.
Mwani wa kahawia ukatanda kioo kizima,
chai iliyosahauliwa.
"Wenzako wanafuga samaki," alisema Drahomíra.
"Wewe unafuga maji."

Usiku mmoja hodi. Bi Květa, gauni la kulala, koti juu yake:
pampu yangu inavuma ndani ya mto wake.
Nilikuwa nimezima taa zote,
nimeshika tochi niliyoifunika plastiki nyekundu,
sikuwa na maelezo ya heshima.
Akainama kunigombeza akiwa karibu zaidi
na hapo, kwenye tundu la jiwe,
ukachungulia mkono mwembamba kama uzi wenye manyoya.
Ukafuata mwingine.
Nyota wa bahari, mdogo kuliko kifungo,
ambaye hakuna aliyemnunua.
Alikuwa amevuka mipaka yote humo ndani ya jiwe,
gazetini, garini, ngazi tano kwa miguu yangu.

Bi Květa akavuta kiti.

Kesho yake nikatia sponji chini ya pampu, mvumo ukakoma.
Alikuja hivyo hivyo, saa nne kasoro,
na miwani yake ya kusomea.
Alikuwepo nilipogundisha tumbawe la kwanza,
kipande cha ukubwa wa sarafu.
Lilijifumba siku tatu, limenuna.
Ya nne likafungua vinywa saba vya kijani
na yeye ndiye aliyevihesabu.

Maji huondoka, chumvi hubaki.
Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya zamu,
naongeza glasi moja ya maji matamu
hadi kwenye mstari niliouchora kwa kalamu.
Sikujua kwamba bahari inadai hilo.

Miaka kumi na mmoja ngazini amekuwa akiniambia
"Siku njema, Bwana Polách."
Leo alipita na mfuko wa taka,
hakusimama, hakugeuka:
"Ahoi."
Nilitazama nyuma yangu
kuona anamsalimia nani.