Mvuke wa Pamba

Asubuhi niliyapiga picha matairi.
Matairi sitini na mawili, meusi juu ya ukuta mweusi,
na mwenye duka, Bwana Shota, nyuma yangu akihimiza:
"Yang'ae, Ketino! Yang'ae kama viatu vya bwana harusi!"
Nikayapaka mafuta ya kupikia. Yakang'aa.
Saa saba nilikuwa kwa daktari wa meno,
nikibembeleza taa hadi kile kiti
kikafanana na kiti cha kupumzikia.

Wahenga walinena kizuri chajiuza.
Laiti kingejiuza, mimi ningekula nini?

Mkoba wangu una siri za kuvunja ndoa:
glisirini, ya kuitoa jasho chupa ya bia;
gundi nyeupe inayojifanya maziwa;
viazi vilivyopondwa, ambavyo mbele ya lenzi
ni aiskrimu isiyojua kuyeyuka;
na pamba. Naichovya majini, naichemsha,
naificha nyuma ya bakuli ipumue
kwa niaba ya supu iliyokwisha kupoa.

Theluji ilianza nikishuka kwa Lamara,
ngazi tano chini ya barabara, pale Kutaisi,
meza saba, na dirisha linaloona miguu tu ya wapitao.
Yeye hupika hinkali:
unga uliokunjwa na kufungwa juu kama kifuko cha fedha,
ndani nyama, na mchuzi uliojificha kama mdaiwa.
Mikunjo kumi na tisa. Nilihesabu.
Moja ilikuwa na kumi na minne, akaifumua:
"Hii ilikuwa na haraka."

Sahani ya kwanza ilipoa nikitafuta mwanga.
Ya pili ilipoa nikigombana na kivuli cha glasi.
Ya tatu, nikatoa pamba.

Lamara akaifuata kwa macho.
"Nini hiyo?"
"Mvuke."
"Mvuke ni wa sufuria. Hiyo ni ya kidonda."

Nikamweleza, kwa sauti ya kazi,
kwamba mteja hula kwanza kwa macho.
"Basi na alipe kwa macho," akasema,
akavuta kiti, akanisukumia sahani ya nne.
"Kaa. Hilo jicho lako la kioo liweke mezani. Kula."

Miaka kumi na moja napiga picha vyakula vya watu,
na chakula changu cha mchana
ni mkate wa kituo cha mafuta, nikila huku naendesha.
Nikaishika hinkali kwa kikonyo chake,
nikaing'ata ubavuni, nikanyonya,
mchuzi ukaniunguza ulimi,
ukateremka kidevuni, ukaingia mkononi mwa sweta,
na pilipili manga ikanitoa machozi
yasiyotoka kwenye chupa yoyote ya mkobani.

Kacha!

Kamera ilikuwa mikononi mwa Lamara.

Ni picha mbovu. Mwanga umezidi,
upande wa kushoto kuna kidole chake chenye jeraha la kisu,
na hinkali yenyewe haionekani, imo kinywani mwangu.
Kidevu changu kinang'aa
kuliko tairi lolote la Shota.
Ameibandika mlangoni.
Nasikia watu husimama kwenye theluji
wakiuliza yule mwanamke anakula nini.

Nilipompelekea ankara
aliisoma kwa miwani, mstari kwa mstari,
akanihesabia nusu.
"Nusu, Lamara?"
"Picha nilipiga mimi."
Kisha akanifungia kumi na mbili za moto kwenye gazeti,
mvuke ukipenya habari za jana,
nami nikapanda zile ngazi tano
bila kudai kitu.

Kesho saa tatu nina kampuni ya bima.
Wanataka tabasamu sita.
Pamba niliiacha kwa Lamara,
amefungia kidole.