Dakika Nne za Pedrosela

Wamenipa mabehewa matatu yenye injini tumboni,
yamevuka mpaka kutoka Uhispania yakiwa juu ya malori,
ya kukodi, miaka mitano.
"Nguo ya kuazima," nilianza kusema kikaoni,
nikaishia hapo; mkurugenzi alikuwa na wageni.

Matatu, kwa hesabu ya wanaokata utepe.
Kwa hesabu yangu ni mawili,
maana moja litakuwa daima karakanani kwa Gualter,
limevuliwa magurudumu, linangoja pampu
ambayo kiwanda chake kilifungwa zamani.
Kamba hukatikia pabovu.
Mimi nalipwa kupajua pabovu kabla ya kamba.

Miaka thelathini na mmoja hakikupita kitu bondeni
ila mbuzi, na basi la asubuhi
ambalo siku ya theluji halikuja wala halikuomba radhi.
Sasa mataruma ni ya zege,
popo wa handakini wamejengewa kwao,
na mimi nina karatasi, penseli mbili, na kifutio.

Huku kilomita, huku saa.
Treni ya kushuka ni mstari mwekundu wa mshazari,
ya kupanda ni wa buluu.
Reli ni moja,
hivyo mistari hii ina ruhusa ya kukutana mahali pamoja tu:
Pedrosela, penye njia ya kupishana ya mita themanini
na saa ya ukutani iliyokufa saa tatu kasorobo.
Ikikutana kwingine
hiyo si ratiba tena, ni orodha ya marehemu.

Ikakaa sawa. Nikailaza mezani, nikaenda kunywa kahawa.
Niliporudi nikakuta barua.

*Mimi ni Deolinda Frazão, naishi Pedrosela.
Jumanne, Alhamisi na Jumamosi nasafishwa damu mjini.
Mashine inaniachia saa saba na robo.
Kutoka hospitali hadi stesheni, kwa mguu wangu huu, dakika tisa.
Treni yako inaondoka saa saba na ishirini.
Nimehesabu mara mbili.*

Nami nikahesabu, mara tano.
Dakika nne.
Nikizisukuma nne hizi mjini,
treni ya kupanda inasimama Pedrosela inamngoja mwenzake,
watoto wa shule wanafika kwao chakula kimepoa,
na dereva Abílio anavuka saa zake za sheria
akiwa kilomita sita kutoka kitandani kwake.
Nikazichukua kwa Gualter,
kwenye zile kumi na moja anazokagua breki mwisho wa njia.
"Saba?" akasema. "Na mvua ikinyesha?"
Sikuwa na jibu la mvua.
Alifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono.
"Saba," akasema. "Lakini uandike kwa penseli."

Machi tulifanya safari ya majaribio.
Vitini tulipakia mifuko ya mchanga, kilo sabini kila mmoja,
abiria wasiolalamika.
Mzee mmoja shambani alivua kofia, akaivaa, akaivua tena,
kana kwamba hajui ni msiba au harusi.
Mjini tulikaa zile dakika nne za ziada, milango wazi.
Hakuna aliyepanda. Nilitazama saa yangu.
Sikujua dakika nne ni ndefu hivyo:
njiwa aliingia, akatembea hadi mfuko wa tatu, akatoka.

Pedrosela alikuwa amesimama mwanamke mwenye fimbo,
hatazami treni, anatazama nafasi
kati ya ukingo wa jukwaa na ngazi ya kwanza ya behewa.
Sentimita arobaini na nane.
Katika karatasi yangu yote, kilomita na saa,
hapakuwa na mahali pa kuandika urefu wa goti.

Gualter hakusema kitu. Alirudi nyuma ya behewa,
nikasikia msumeno,
na kabla njia haijafunguliwa kwetu
kulikuwa na kigoda cha mbao sakafuni, karibu na mlango,
kimefungwa mnyororo kisiibwe,
misumari yake bado inang'aa.