Saa Tatu na Robo, Kibokoni

Zamani akiingia, ukumbi hucheka kwanza.
Leso kiunoni, bangili hadi kwenye kiwiko,
sauti imekamuliwa kama limau,
na kazi yake moja: kuteleza, kuanguka,
kubeba umbea kutoka jikoni hadi barazani.
Hakuwa na mama. Hakuwa na kodi ya kulipa.
Hakuna aliyepata kumwona akila.

Sisi tulicheka. Mimi pia, niliandike hilo.
Nilicheka na kaimati mdomoni,
Twaha kando yangu akicheka kutushinda sote,
mato yake kwenye mkeka.

Sasa, baada ya habari, kuna mchezo mpya.
Mtu aitwa Jabu. Fundi wa mafriji.
Aingia na sanduku la vyuma,
avua viatu mlangoni, aomba maji.
Bi Thureya wa nyumba ya pili
(televisheni yake ilikufa na mvua za Mei)
akacheka, kwa mazoea,
na kile kicheko kikazunguka sebule nzima
kikakosa pa kukaa.

Jabu alikuwa akihesabu pesa za dawa ya mamake.
Alizihesabu mara mbili.
Zikapungua mara mbili.

"Mbona huyu hachekeshi?"

Wiki ya tatu alikasirika.
Sikujua kwamba huruhusiwa kukasirika.
Wiki ya tano alimdanganya mtu ampendaye,
uongo mchafu, wa bure,
nikamchukia usiku kucha
kama ninavyomchukia mtu yeyote.
Kisha akakunja mashati mawili,
moja lake, moja la mwenzake,
akayaweka juu ya kabati. Basi.
Hata muziki hawakutia.

Mama humwita Bi Thureya shoga.
Shoga, karibu. Shoga, umeamkaje?
Miaka hamsini neno hilo latoka kinywani mwake
laini kama tende.
Neno hilo hilo lilimfuata Twaha
kutoka Mwembe Tayari hadi mlangoni petu
likiwa jiwe,
nasi tukafunga dirisha,
si kwa kuogopa jiwe.
Kwa kuogopa majirani.

Jana tokeni zilikatika katikati.
Jabu yuko mlangoni kwa babake,
mkono ameuinua, hajabisha.
Giza.
Feni ikazunguka kwa deni, kisha ikasimama.
Joto likatushukia kama blanketi la mgonjwa.
Bi Thureya akasonya, akipapasa bakuli la kachri.

Na Mama, humo gizani:
"Visigino vyake vimelika upande wa nje.
Mumeviona?"

Hakuna aliyejibu.

"Na kila Idi nilikuwa nikimnunulia vipya."

Bi Thureya akaacha kutafuna.
Simu ilikuwa mkononi mwangu, nanunua tokeni za hamsini,
mwanga wake mdogo ukitufikia magotini tu.
"Shoga," akasema, polepole,
"ile nambari yake unayo?"