Maji ya Ukoko

Siku nne Seoul nilikula nimesimama:
vinoo vya unga wa mchele
ndani ya rojo jekundu, kikombe cha karatasi,
kijiti cha kuchomea, kamasi zinanitoka,
na binti muuzaji akanipa kitambaa kabla sijaomba.
Nyama waliikata kwa mkasi. Naam, mkasi,
kama wa fundi cherehani, juu ya makaa,
nami nikaikunja ndani ya jani
na kuisukuma yote kinywani kwa mpigo mmoja,
maana kuiuma nusu, waliniambia, ni aibu.

Nilishiba, sikatai.
Ila usiku taa za duka la mkabala
ziliingia chumbani bila hodi,
nikalala macho, tumbo likiwaka pilipili.

Basi nikapanda basi la kwenda Yeongyang,
si kwa sababu nyingine:
foleni yake ndiyo iliyokuwa fupi.

Dereva alinishusha njia panda milimani.
Nikamwonyesha kwa ishara: na kurudi je?
Akanyanyua vidole viwili.
Saa mbili, nikajisemea, saa mbili usiku,
siku nzima ni yangu.

Nikatembea.
Pilipili zimeanikwa juu ya maturubai ya buluu
uani, mapaani, hadi ukingoni mwa lami,
na trekta moja likizikwepa polepole
kama linapita kando ya mtoto aliyelala.
Shule bila wanafunzi. Bembea moja, mnyororo mmoja.
Kijito kikipiga soga na mawe yake.
Nikakaa hapo nisifanye lolote,
na kulifanya vizuri.

Giza likaja, na baridi yenye meno.
Saa mbili ikafika, ikapita.
Ndipo akili ikanirudi:
hawa huanza kuhesabu saa zao usiku wa manane.
Vidole viwili vya dereva
vilikuwa saa nane mchana,
wakati nikiyatazama maji.

Taa moja tu ilikuwa inawaka.
Bi Pil-rye alikuwa ameshapindua viti juu ya meza,
glavu zake za mpira, rangi ya waridi, zinachuruzika.
Akanitazama viatu, akanitazama uso,
akauliza kitu chenye neno moja nililolijua:
*bap*. Wali.
Nikatikisa kichwa.

Akafunua chungu: wali umekwisha.
Akaguna. Akamimina maji ya moto humo humo,
akashika mwiko akaanza kukwangua,
krr, krr, krr,
na mimi, mtu mzima mwenye mvi kidevuni,
nikapiga kelele: Ukoko!

Kwetu aliyeosha sufuria ndiye aliyekuwa na haki nao.
Dada yangu Mwanasha aliosha sufuria miaka saba
kwa ajili ya haki hiyo tu.

Akaniwekea bakuli: maji ya kahawia,
moshi wa kuni ndani yake, vipande laini vya ukoko,
na kando kabichi iliyochachuka tangu mwaka jana,
chachu iliyonifumba jicho moja.
Nikanyanyua bakuli ninywe.
Akanibana kiwiko hadi mezani.
Bakuli halinyanyuliwi. Kijiko kipo.
Nikatii.

Nililala kwenye sakafu yenye joto,
sakafu, si kitanda,
mgongo wangu ukiiva taratibu kama mkate,
na nje hakukuwa na kitu kilichotaka nikione.

Asubuhi akanidai: chakula, malazi,
akahesabu noti, akanirudishia chenji yote
hata sarafu nyembamba ya mwisho.
Kisha akanitupia glavu.

Basi lilipita saa mbili asubuhi,
saa mbili yangu, safari hii.
Dereva akapunguza mwendo. Nilikuwa nimechutama,
nusu ya turubai sijaigeuza bado,
nikataka kumpungia mkono,
nikapiga chafya, nikapiga tena,
na alipokwisha kucheka akaondoka.