Kiti cha Pili

Mara ya nne hii, Vedran, na bado unanivuta mkono
tuwahi mstari wa mbele. Nje theluji imeganda relini,
tramu ya Osijek inajikokota kama mgonjwa,
nami nimelipa tiketi mbili, ingawa kwa kweli
nalipia joto. Nisinzie. Hivyo ndivyo nilivyopanga.

Ni filamu ya katuni. Kalunguyeye anapika supu,
supu inafurika, jikoni panageuka ziwa,
sufuria inakuwa mtumbwi, ukumbi mzima
unaangua kicheko, bisi zinaruka hadi kwenye kola yangu.
Mara tatu zilizotangulia sikuona zaidi ya hapo.

Leo usingizi umenipiga chenga.
Nikaona meza: sahani mbili.
Vijiko viwili. Kiti cha pili, kitupu,
na mto juu yake umebonyea katikati
kana kwamba ulikaliwa jana.
Hakuna anayekitaja. Hakuna wimbo wa kukieleza.
Kuna mtu tu, mahali fulani, aliyekaa na penseli
akauchora ule ubonyeo mara elfu, picha kwa picha,
kisha akafunika majonzi yake kwa supu
ili watoto wacheke na wazazi wapite.

Nikakuinamia, nimejaa ugunduzi wangu
kama mwalimu mpya: "Mwanangu, umekiona kile kiti?
Ana mtu wake aliyeondoka."
Hukugeuka. Ulikuwa ukilamba chumvi vidoleni.
"Najua, mama. Tangu ile siku ya kwanza.
Na kila asubuhi anakifuta vumbi. Tazama.
Cha baba wewe umekirundikia nguo za pasi."

Nikanyamaza kama maji mtungini.
Kwenye skrini kalunguyeye alikuwa akipiga makasia kwa mwiko,
na nyuma yetu Bi Zdenka wa duka la vifungo
alicheka hadi akakohoa.

Tumerudi kwa miguu, kando ya Drava, bila maneno mengi.
Ulitaka kujua kama kalunguyeye huogelea. Nikasema sijui.
Sasa umelala. Nimeondoa mashati, soksi, shuka,
vyote nimevihamishia kitandani, upande usiolaliwa,
na kiti kimebaki uchi chini ya taa
na vumbi lake la miezi kumi na mmoja.

Sikulifuta.
Kitambaa nimekiacha mezani, kimekunjwa,
mahali mkono wako unapofika.