Mkono Kwenye Mkanda

Ludomir anatembea kinyumenyume
na mimi ndiye macho ya kisogo chake.
Kiganja changu kimekaa kwenye mkanda wa ile fulana ya chuma,
juu kidogo ya nyonga, pale jasho linapoanzia,
kinasema naye lugha isiyo na kamusi:
kidole kimoja, ngazi;
viwili, kizingiti;
kiganja kizima, simama, baba, simama.

Hii ni Łódź, Januari,
kiwanda cha nguo kilichokufa kabla sijazaliwa.
Madirisha yameganda barafu kwa ndani.
Mwongozaji anataka dakika nne bila kukata:
mfumaji aliyefukuzwa kazi aache mtambo wake,
apite kati ya wenzake wasiomtazama,
ashuke ngazi kumi na saba hadi uani kwenye theluji,
na kamera imtangulie, uso kwa uso,
kama mtoto arudiye nyuma akimsihi mama asilie.

Alfajiri, kabla Ludomir hajamaliza chai,
nimeitundika mashine kwenye stendi,
nimeshusha betri unywele mmoja,
nikailaza kamera kwa ubavu na kuiachia.
Ikishuka kwa sekunde mbili ina pupa,
kwa nne ina uvivu.
Leo imeshuka kwa tatu,
kama mtu mwenye adabu akiketi msibani.

Sakafu nimeipapasa kwa mikono.
Msumari. Vifungo viwili vya shati.
Uzi wa buluu ulioachwa na mfumaji wa kweli;
huo nimeutia mfukoni, sijui kwa nini.
Kila ngazi nimeipiga chaki ukingoni,
ya kumi na moja mara mbili,
maana imelika katikati
kwa visigino vya wanawake waliokuwa wakiwahi zamu.

Goti lake la kushoto ni siri ya watu watatu:
yeye, mkewe Bogna, na kiganja hiki.
Daktari aliandika, yeye akaikunja karatasi.
"Kurpisz," aliniambia, "mtu huzeeka kuanzia pale anapopasimulia."
Basi hatusimulii.

Mara ya kwanza fundi wa taa alikohoa.
Ya pili na ya tatu, mwigizaji alilia mapema.
Ya nne ilikuwa nzuri; nzuri, akasema mwongozaji, tuirudie.
Ya tano nimeisahau.

Ya sita tunashuka. Saba, nane.
Pumzi yake naisikia kwa mgongoni, inakatika.
Tisa. Kumi.
Na kwenye ya kumi na moja goti linasema hapana.
Sikuliona. Nililisikia kwenye mkanda,
uzito ukihama kama gunia linalochanika pembeni.
Sikuvuta. Ukivuta, picha inaruka.
Niliingia chini yake, nikawa ngazi:
bega kiunoni mwake, kisigino ukutani,
na juu yetu ule mkono wa springi
ukayameza yote bila kucheua.
Mfumaji akazidi kushuka, ametulia kwenye lenzi,
asijue kwamba mbele yake
watu wawili wanaanguka kwa adabu.

Uani, kelele, makofi.
Wote wakamkimbilia mfumaji na blanketi.
Mimi nikafungua vishikizo: kifuani, tumboni, begani.
Fulana ile ikimtoka, mikono yake hupanda yenyewe,
kwa nusu dakika haina uzito,
kama ya mwanafunzi mwenye swali.
Hakusema asante.
Alisema, "Ya kumi na moja imelika."
Nikasema, "Nitaipiga chaki mara tatu."

Novemba nilimpeleka shangazi Teofila kuitazama.
Alinitafuta katika kila umati.
"Hapo ulikuwa wapi? Na hapo?"
Kwenye kioo cha mlango, nusu sekunde,
kiwiko changu kilikuwepo siku ile.
Wamekifuta kwa kompyuta, wakajaza theluji.
Kazi safi. Niliutafuta mshono, sikuuona,
nikafurahi, kisha nikaudhika kidogo.
Jina langu lilipita mwishoni, limekosewa herufi;
shangazi akapiga makofi peke yake.

Tukitoka, taa bado hazijawaka,
nilimshika mkanda wa koti kwa nyuma.
Vidole viwili.
Akanyanyua mguu.