Yupo Kazini

Květoslav ametoboa ukuta wa sebule yangu
akapitisha nyaya tatu: nyekundu, nyeusi,
na moja ya kijani ambayo hata yeye hajui inakwenda wapi.

Ghorofa ya tatu, Ostrava, Februari.
Dirishani, kilima cha kifusi cha mgodi
kingali kinaungua tumboni;
theluji haikai mgongoni mwake.
Mezani, tangi la lita mia na ishirini
na samaki mmoja, mistari kama sare ya mfungwa.
Tunamwita Mhandisi
kwa kuwa hahamishi kokoto bila kuikagua kwanza.

Kazi ya kidude hiki nimeelezwa mara saba.
Upande huu, taa ndogo ya mwanga usioonekana.
Upande ule, kihisi, jicho linalouona.
Samaki akikatiza, mwale unakatika,
relei inalia, ta!
na tarakimu inapanda moja.
Ndiyo hivyo tu?
Ndiyo hivyo tu.
Kwa ndiyo-hivyo-tu hiyo
risasi ya kuchomelea imetoboa kitambaa cha meza
alichonifumia mama.

Miaka thelathini na mmoja alipima gesi chini ya ardhi,
taa kofiani, mkononi kisanduku cha sindano inayotetemeka.
Aliniambia mara moja, tukinywa supu ya kabichi:
kule chini, kelele hazitishi.
Kinachotisha ni kitu kilichokuwa kikilia, kikanyamaza.
Akaongeza chumvi.
Hakuendelea.

Daftari la miraba, mwandiko wake wa kujikunja:
Jumatatu, 4,812.
Jumanne, 4,655, maji yamepoa kidogo.
Jumatano, 5,020, Radim amekuja na watoto.

Machi, makaa yakaja kudai mapafu yake.
Hospitali, kitanda cha dirishani, mrija puani.
Saa mbili kila usiku, simu.
Haniulizi nimekula nini.
"Ngapi?"
Navaa miwani, nasoma.
Nasikia penseli yake upande wa pili.

Na mimi, niliyekilaani kidude,
sasa nalala mlango wazi
nisikie ta, ta,
kisha kitambo,
ta.
Nyumba ya mtu mmoja ina kimya
kisichoenea vyumbani mwake.

Alhamisi, sifuri.

Niligonga kioo. Niligonga relei.
Nilivuta hata ule waya wa kijani.
Simu ikalia.
"Ngapi?"
Nimewahi kumdanganya mume wangu kuhusu bei ya viatu.
Kuhusu samaki, bado.
"Subiri," nikasema.

Nikapiga magoti, nayo magoti yakanitukana,
nikamulika tochi ndani ya kile chungu cha maua kilichovunjika,
chini kabisa, mwale usikopita.
Alikuwepo.
Darini mwa chungu, mayai, kama ufuta uliomwagika,
naye akiyapepea kwa mapezi,
akiyapepea,
akigeuka kunitolea macho,
akirudi kuyapepea.
Kutwa nzima, bila kutoka hatua moja.

"Květo," nikasema, "Mhandisi ni mwanamke."

Kikapita kimya kirefu.
Kisha kicheko, kikageuka kikohozi,
kikohozi kikarudi kuwa kicheko,
hadi nikasikia viatu vya muuguzi vikikimbia.

Mayai yale hayana baba.
Kesho yatakuwa meupe, keshokutwa yatavaa ukungu.
Samaki hajui,
au anajua na bado anapepea.
Sikumwambia Květoslav. Alikuwa amechoka kucheka.

Nikafungua daftari lake.
Kwenye mraba wa Alhamisi niliandika 0,
nikautazama ule mduara mtupu, haukunikalia vizuri.
Nikaongeza maneno niliyozoea kuwajibu, zamani zile,
watu waliomgongea mlango mchana
nami nikiwa sina hakika, siku hiyo, kama atapanda:

yupo kazini.